Kumlenga Namba Nne

Kilichotoka vizuri kwenye picha ile kilikuwa uzio. Mabanzi ya uzio wa shule, nyuma ya goli, yalionekana mpaka vichwa vya misumari. Mbele yake palikuwa na ukungu wa rangi mbili, njano na bluu, na ndani ya ukungu huo, kama ulijua pa kutazama, mguu wa Niragira ulikuwa unavunjika.

Mzee Telesfori, mwenyekiti wa kamati ya ligi ya wasichana, aliisogeza kamera karibu na uso, akaipeleka mbali, kisha akairudisha kwa mwenyewe.

"Mimi hapa naona moshi," alisema. "Mama Joan, wewe unaona nini?"

"Naona namba nne wa Nyarubungo anamkanyaga mdogo wangu kwenye ugoko," Restituta alijibu. "Mpira umeshapita, uko kule."

"Unaona hapa kwenye picha, au unakumbuka?"

Wajumbe wawili walicheka. Restituta alichukua kamera yake akatoka bila kuaga, na mlango aliubamiza hadi kalenda ikaanguka ukutani.

Alikuwa na studio ndogo pale senta ya Kibimba. Kazi yake ilikuwa picha za paspoti, kipaimara na harusi. Lenzi ile ndefu aliiagiza Mwanza, mtumba, kwa sababu ya Niragira, mdogo wake wa mwisho, ambaye alikuwa ameanza kutajwa kwenye timu ya mkoa. Alitaka picha zake akifunga magoli. Mota ya lenzi ilikuwa imekufa, kwa hiyo haikuweza kujilenga yenyewe. Ilibidi kuzungusha pete yake kwa mkono mpaka mtu aonekane vizuri. Kwa maharusi hilo halikuwa tatizo, maana bibi harusi akiambiwa asimame anasimama. Mpira hausimami. Siku ile Niragira alipochomoka kuelekea goli, Restituta aliizungusha pete upande usio wake, na beki wa Nyarubungo alipoingia kwa miguu miwili, lenzi ilikuwa inatazama uzio.

Mlio wa mfupa ulisikika hadi upande wa pili wa uwanja. Refa aliashiria mchezo uendelee. Yule beki, msichana mrefu aitwaye Yuster Shilinde, alisimama kidogo juu ya Niragira, akageuka, akarudi kwenye nafasi yake kama mtu aliyemaliza kazi.

Hasira ya Restituta iliwatosha wote: Yuster, refa, Mzee Telesfori na wale wawili waliocheka. Lakini fungu kubwa alilielekeza kwenye mkono wake wa kushoto, ule uliozungusha pete.

"Mechi ya marudiano ni kwao, kabla ya mvua," alimwambia mumewe Ferdinand usiku ule. "Nitampiga picha akiwa juu ya mtu. Picha ambayo hata kipofu ataielewa."

Niragira alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu wenye hogo la plasta ngumu nyeupe umeegemezwa juu ya gunia la maharage. Walidhani amesinzia.

"Kwa hiyo dada unasubiri avunje mwingine?" aliuliza.

Restituta alianza kuifuta lenzi kwa upindo wa kanga.

Mazoezi yalianza asubuhi iliyofuata. Ferdinand alikuwa dereva wa bodaboda, na kabla ya kwenda kijiweni alitakiwa kupanda na pikipiki hadi juu ya kilima, kisha ateremke kwa kasi kuelekea nyumbani, huku mkewe amepiga goti kando ya migomba akimlenga. Alishuka, akapanda, akashuka tena. Restituta alikuwa anatukana. Akizungusha pete kulia, pikipiki ilikuwa inapotea kwenye ukungu. Akistuka na kuzungusha kushoto, ilikuwa imeshampita na vumbi lake.

"Mama Joan, mimi si mpira," Ferdinand alilalamika. "Petroli hii ni ya abiria."

"Panda tena."

"Nikianguka?"

"Ukianguka nitapiga picha. Panda."

Alijifunza kwanza njia ya watu wavivu: kuchagua jiwe ambalo pikipiki itapita juu yake, kulilenga jiwe lile mapema, kuacha pete bila kuigusa na kusubiri. Taa ya pikipiki ikikaribia jiwe, abonyeze, tena abonyeze mapema kidogo, kwa sababu kidole huchelewa kuliko jicho. Njia hiyo ilimpa picha nzuri za Ferdinand amekunja uso. Lakini Yuster hangepita juu ya jiwe. Ilibidi ajifunze kumfuata mtu anayekuja, anayegeuka, anayerudi, mkono wa kushoto umebeba lenzi kwa chini na vidole viwili vinaizungusha pete taratibu, bila kuacha.

Aliwafuata mbuzi wakirudi jioni. Aliwafuata watoto wa shule wakikimbizana na kuku wakigombana. Mkwe wake mmoja alipita njiani, akamkuta amelala kifudifudi anamlenga jogoo, akasema "Shikamoo" kwa kuchanganyikiwa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Hakimu alikuwa Niragira. Kila jioni alipewa kamera pale kwenye mkeka, akazikuza picha moja moja kwenye kioo, na hakuwa na huruma hata chembe. Kwa umbali ule sehemu inayotoka vizuri ni nyembamba sana. Jicho likiwa ndani, sikio liko nje.

"Pembe imeshika, jicho halijashika. Futa."

"Hiyo si mbaya, Nira."

"Umesema unataka hata kipofu aelewe. Futa." Alibonyeza mwenyewe. "Hii futa. Hii futa. Hapa umepiga mkia. Dada, mimi mguu wangu umeoza humu ndani na wewe unapiga mikia?"

Siku nyingine waligombana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Timu ya mkoa ilikuwa imeshachagua wachezaji wake bila Niragira, na daktari alipotoa hogo, mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto na haukutaka kunyooka vizuri. Niragira aliutazama kwa chuki, kama kitu cha mtu mwingine alichobambikiwa. Siku ile Restituta alirudi kwenye migomba akapiga mpaka jua likazama, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vilikwenda bila kufikiri. Mbuzi akija, vilikuwa vinazunguka, akisita, vilisita. Niragira alizikuza picha zile moja moja, akamrudishia kamera.

"Hizi zimeshika," alisema.

Siku ya marudiano, timu ya Kibimba ilisafiri kwa Fuso mpaka Nyarubungo. Niragira alipanda mbele, karibu na dereva, na magongo yake mawili. Aliambiwa abaki nyumbani, akasema lazima amwone yule msichana kwa macho yake. Restituta alikwenda na Ferdinand kwa pikipiki, lenzi ameifunga kwenye kanga na kuipakata kama mtoto mchanga.

Hakukaa na watu. Alichagua pembe ya uwanja karibu na kibendera cha kona, akakalia ndoo aliyoipindua, akasimamisha kamera juu ya fimbo aliyochongewa na Ferdinand. Filimbi ikalia. Watu walikuwa wanapiga kelele kule mpira ulikokwenda, naye hakugeuka. Alimtazama namba nne peke yake.

Ukimtazama mtu mmoja kwa kipindi kizima, unamjua kuliko unavyotaka. Yuster alikuwa anatafuna ukosi wa jezi. Alikuwa anavuta soksi ya kushoto kila mara. Na kila mshambuliaji wa Kibimba alipopokea mpira, kabla hajafanya lolote, alikuwa anatupa jicho kwenye benchi. Restituta alisogeza lenzi kidogo aone anamtazama nani. Alikuwa kocha wao, Pancras, mwanamume mnene mwenye kofia ya kapelo, na mkono wake ulikuwa unashuka chini kwa nguvu, kama mtu anayefyeka majani.

Mara ya kwanza Yuster alikwenda, lakini alipomfikia Anneth, winga wa Kibimba, aliurudisha mguu. Anneth akapita, akafunga. Kibimba wakaruka. Restituta hakuruka. Kwenye lenzi alikuwa anamwona Yuster amesimama palepale, anatazama benchi, na uso wake ulikuwa umepauka kabisa.

Wakati wa mapumziko wachezaji wa Nyarubungo walikaa kwenye kivuli cha darasa. Pancras alimwita Yuster peke yake nyuma ya simtanki la maji. Kutoka kwa watazamaji pale palikuwa hapaonekani. Kutoka kwenye kibendera cha kona palionekana vizuri.

Restituta alikuwa bado anamfuata namba nne kwa mazoea tu. Mkono wa Pancras ulipopanda, vidole vyake vilikuwa vimeshazungusha pete. Alibonyeza. Kofi la kwanza, la pili. Kichwa cha Yuster kiligonga simtanki. Kisha kidole cha kocha kwenye paji la uso wake, kikisukuma kwa kila neno. Yuster hakujikinga. Mikono yake ilikuwa imenyooka pembeni, kama ya mtoto paredi, na macho yalikuwa wazi.

Restituta alishusha kamera. Alikuja Nyarubungo na hasira moja aliyoilea tangu Kibimba, na sasa alikuwa amepewa nyingine, na ile ya kwanza haikuondoka. Alitaka kusimama apige kelele. Filimbi ikalia, timu zikarudi.

Mkono ule uliposhuka tena kwenye benchi, Yuster alikwenda. Safari hii hakuurudisha mguu. Alimkanyaga Anneth kwenye kifundo, mpira ukiwa umeshaondoka, na Restituta aliipata: njumu juu ya soksi, mdomo wa Anneth umefunguka, namba nne ya bluu imeshika vizuri. Anneth alitolewa akichechemea. Mfupa haukuvunjika. Yuster alionyeshwa kadi ya njano.

"Umepata?" Niragira alipiga kelele kutoka kwenye Fuso. "Dada, umepata?"

"Nimepata."

Mechi ilipokwisha, Niragira aliinyakua kamera kabla mwenyewe hajaivua shingoni. Aliikuza ile picha ya Anneth mpaka ikajaa njumu, akasema "Hii. Hii hii," na machozi yakamtoka. Kisha akarudisha nyuma, akaiona nyingine. Ilikuwa ile ya simtanki.

"Hii ifute."

"Sifuti."

"Kwani ulikuja kumpiga nani picha?" Sauti yake ilipanda, wachezaji wakageuka. "Ukiwapelekea hii watamhurumia. Watasema maskini, alilazimishwa. Na mguu wangu je, nani aliulazimisha?"

"Nira, tazama alivyopigwa."

"Nimetazama! Na mimi sikupigwa?"

Restituta aliichukua kamera akaondoka. Alimkuta Yuster bombani, amejitenga na wenzake, ananawa mdomo. Maji yalikuwa yanashuka na damu kidogo.

"Shikamoo, dada," Yuster alisema alipomwona. Alimfahamu ni nani.

Restituta hakuitika. Alimgeuzia kamera, akamwonyesha picha ya Anneth. Yuster aliinamisha kichwa. Halafu akamwonyesha ile ya simtanki, na msichana akaruka nyuma kama ameguswa na moto.

"Usipeleke hiyo."

"Kwa nini?"

"Ninaishi kwake. Baba alihama na ng'ombe, akaniacha hapa nicheze mpila. Kocha akasema nitakaa kwake na wenzangu wawili." Alifuta mdomo. "Ukipeleka, leo nitalala wapi?"

"Yule uliyemvunja Kibimba, alikuagiza?"

"Aliniagiza."

"Na mguu ulikuwa wa nani?"

Yuster aliutazama mguu wake. "Wangu," alisema.

Kama angejitetea, Restituta angempiga kofi la tatu. Hilo alilijua, na likamtia hasira zaidi. Alimuuliza kama ana ndugu yeyote karibu. Alikuwa na shangazi kule Nemba, aitwaye Speciosa, mkulima wa muhogo, ambaye kocha alimkataza kumtembelea.

"Nitapeleka picha zote mbili," Restituta alisema. "Yako ya rafu na yake ya kofi. Sitakuficha. Lakini sitazipeleka wewe ukiwa kwake. Unasemaje?"

Msichana alitazama kule darasani, ambako Pancras alikuwa anacheka na watu.

"Peleka," alisema. "Ila niondoke kwanza."

Ferdinand hakuuliza maswali. Yuster alipanda nyuma ya pikipiki akiwa na jezi ileile mwilini, na jua lilikuwa bado juu walipochukua njia ya Nemba. Niragira aliwaona wakipita mbele ya Fuso.

"Hata shemeji?" alisema polepole. "Pikipiki ileile iliyonipeleka mimi hospitali?"

Njia nzima ya kurudi Kibimba, Restituta alikaa nyuma ya Fuso pamoja na wachezaji, na hakuna aliyemsemesha.

Mbele ya kamati, Mzee Telesfori alivaa miwani. Safari hii hakusema moshi. Picha ya Anneth aliitazama mara moja, akaguna, akaipitisha kwa wenzake. Ile ya simtanki aliiacha mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Hii ya rafu inatosha," alisema. "Namba nne tutamfungia. Hii nyingine ni mambo ya ndani ya timu. Mwalimu na mchezaji wake."

"Toa mkono, mzee," Restituta alisema.

"Mama Joan, tuelewane..."

"Toa mkono juu ya picha yangu." Hakupiga kelele. Sauti ilitoka chini, na mmoja wa wale waliocheka mara ile alisogeza kiti nyuma. "Mlitaka picha iliyoshika. Nimekaa na mbuzi na kuku nikijifunza kuwaleteeni picha iliyoshika. Sasa imeshika, mnaifunika? Tazameni mkono huo uko wapi. Mkono uleule ndio uliomvunja mdogo wangu, ulitumia tu mguu wa mtoto wa watu. Mtachukua zote mbili, au nazibandika zote mbili kwenye mlango wa studio yangu, na chini yake naandika majina yenu."

Telesfori alitoa mkono.

Yuster alifungiwa msimu mzima. Pancras aliondolewa kwenye ligi ya wasichana, na wale wenzake wawili wa Yuster wakachukuliwa na wazazi wao. Kibimba watu walimpongeza Restituta dukani na kanisani. Niragira hakumpongeza. Alikuwa anakula nao, anaosha vyombo akiwa ameegemea gongo, na akiulizwa kitu anajibu "Ego", yaani ndiyo, basi.

Kisha siku moja Speciosa alifika Kibimba na Yuster. Mama yule alikuwa amebeba muhogo mkavu kichwani, akasalimia kwa heshima zote, akakaa. Yuster alibaki amesimama uani. Niragira alitoka akichechemea, akasimama mbele yake.

"Sema ulichofanya," alisema.

"Nilikuvunja mguu. Mpila ulikuwa umeshapita, niliona. Nikaendelea."

"Rudia."

Yuster alirudia. Speciosa alitaka kusema neno, Restituta akamgusa goti.

"Sijakusamehe," Niragira alisema.

"Najua."

"Na ukirudi uwanjani, ukimkanyaga mtu mwingine kwa sababu kuna mtu amekuinulia mkono, mimi mwenyewe nitakuja Nemba na gongo hili."

Aligeuka akaingia ndani. Baada ya kitambo alitoka na vikombe vya chai, akampa Speciosa, akampa dada yake, na cha mwisho akakiweka kwenye kiti kitupu karibu na Yuster, bila kumtazama.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Ferdinand aliporudi na habari aliyoisikia kwa abiria. Pancras alikuwa na timu mpya, ya vijana wadogo, kata nyingine ya wilaya yao ileile ya Biharamulo. Kamati ilikuwa imemwondoa kwa wasichana. Ligi ya wavulana haikuihusu. Restituta alikuwa anakata picha za paspoti. Aliweka mkasi chini.

"Petroli ipo?" aliuliza.

"Ipo."

"Naja na nyinyi," Niragira alisema kutoka mlangoni.

Walibanana watatu kwenye pikipiki. Walipofika, mazoezi yalikuwa yameanza, na Pancras alikuwa katikati ya uwanja na filimbi yake, vijana wamemzunguka. Restituta hakumsalimia mtu. Alikaa kwenye kona, akaegemeza kamera kwenye fimbo, akamlenga. Niragira alisimama pembeni yake na gongo lake.

Pancras aliwaona. Alijifanya hajaona, akaendelea kufundisha. Kijana mmoja alikosea pasi na kocha akamwendea kwa hatua ndefu, mkono umeshaanza kupanda. Restituta alimfuata, vidole vinazunguka polepole kwenye pete, mpaka kucha za mkono ule zikaonekana moja moja. Pancras aligeuza kichwa. Alikuta lenzi ile nyeusi imemwelekea, haitikisiki.

Aliuteremsha mkono, akautia mfukoni.

"Tutakaa mpaka saa ngapi?" Niragira aliuliza.

"Mpaka aende kwake," Restituta alisema, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Na kesho tunarudi."